Kafa kwa Presha, au Kafa kwa Mawazo?



Chukua gazeti lolote la Kiswahili, soma habari za vifo. Utakutana na sentensi ambayo sisi waandishi tunaiandika karibu kwa kukariri: marehemu alifariki dunia ghafla kwa shinikizo la damu, au kwa mshtuko wa moyo. Nukta. Halafu nenda msibani kwenyewe, kaa chini ya turubai pamoja na wazee, usikilize. Huko maelezo ni mengine kabisa. "Yule kafa kwa mawazo." Tangu apunguzwe kazini hakuwa yule tena. Tangu mkewe afariki alikuwa hali vizuri, halali, anakaa tu anaangalia ukuta.

Nani mkweli? Gazeti au turubai?

Leo nataka tulifuatilie swali hili kihistoria. Ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani, na sehemu yake moja imepita hapa hapa Afrika Mashariki. Sehemu hiyo inaudhi kidogo, nakuonya mapema. Tafuta chai, maana hii ni ndefu.

KWANZA TUELEWANE

Nikisema "mawazo" simaanishi kukumbuka kodi ya nyumba inapokaribia tarehe 30. Hayo kila mtu anayo. Nazungumzia maradhi mawili yenye majina. La kwanza ni sonona: huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, nguvu kuisha na mtu kujiona hana thamani. La pili ni wasiwasi uliopitiliza: hofu isiyozimika hata pale ambapo hakuna cha kuogopa. Madaktari huyaita maradhi ya kawaida ya akili. Kawaida hapa maana yake ni kwamba yameenea, wala hawasemi kwamba ni mepesi.

Sisi Waswahili hatukusubiri profesa atuambie kwamba maradhi haya yana ujirani na moyo. Moyo ndio unaovunjika mtu akikata tamaa, ndio unaokwenda mbio akiogopa. Aliyezidiwa na msiba tunasema amekufa kwa kihoro. Na pale daktari anapoona mshipa unaolisha moyo umeziba, sisi tumeupa ugonjwa huo jina la mshtuko wa moyo, jina lenye hofu ndani yake. Lakini lugha si ushahidi. Tunataka kujua ni lini watu walianza kupima.

MADAKTARI WALIOONA MAPEMA

Mwaka 1628 William Harvey, daktari Mwingereza, alichapisha kitabu cha Kilatini kilichoeleza kwa mara ya kwanza kwa ushahidi kamili jinsi moyo unavyozungusha damu mwilini. Ni kitabu cha mishipa na vali. Hata hivyo ndani yake Harvey aliona ni lazima aseme kwamba furaha, maumivu, tumaini na hofu vikiigusa akili, mtikisiko wake huufikia moyo.

Karne moja na nusu baadaye, London hiyo hiyo, alikuwepo mpasuaji maarufu aliyeitwa John Hunter. Alikuwa na maumivu ya kifua yaliyomjia hasa akikasirika, naye alikuwa mwepesi wa hasira. Alizoea kuwaambia watu kwamba uhai wake uko mikononi mwa mhuni yeyote atakayeamua kumuudhi. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda kwenye kikao cha hospitali ya St George's, akabishana na wenzake, akatoka chumbani, akaanguka, akafa. Walipoupasua mwili wake waliikuta mishipa inayolisha moyo imekakamaa. Angalia mambo mawili hapo: ugonjwa ulikuwepo kwenye mishipa kweli, na hasira ndiyo iliyofyatua mtambo. Gazeti na turubai wote wangepata habari ya kuandika.

Kisha zikaja vita. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari wa Philadelphia aliyeitwa Jacob Mendes Da Costa alichapisha mwaka 1871 taarifa ya askari zaidi ya 300 aliowachunguza. Walilalamika moyo kwenda mbio, kifua kuuma, kuishiwa pumzi. Wengi wao alipowasikiliza moyo hakukuta kovu wala vali mbovu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walikutana na wagonjwa kama hao kwa maelfu, wakauita ugonjwa huo "moyo wa askari". Ilipofika 1941, daktari wa moyo Paul Wood alihitimisha kwamba tatizo la askari wale halikuwa moyo. Ilikuwa hofu.

Hitimisho la Wood liliwasaidia askari wengi wasiendelee kulazwa kama wagonjwa wa moyo. Lakini liliacha ukuta. Mgonjwa akija na kifua, anapimwa. Mashine ikikataa, anaambiwa ni akili, aende upande wa pili. Ikawa ni moyo au akili, kimoja kati ya viwili. Kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote, na kimoja kikakizidisha kingine, halikuwa swali la mtu yeyote.

Na ushahidi ulikuwepo. Mwaka 1937 mtakwimu Benjamin Malzberg alichapisha hesabu za vifo katika hospitali za akili za jimbo la New York. Wagonjwa wa sonona ya utu uzima walikuwa wanakufa kwa wingi kuliko watu wa rika lao mitaani, na maradhi ya moyo yalikuwa mbele katika orodha ya vinavyowaua. Karatasi ile ilikaa kabatini miaka mingi.

SASA TUJE NYUMBANI

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, kulikuwa na habari nyingine inaandikwa.

Mwaka 1929 jarida la madaktari la The Lancet lilichapisha makala ya C. P. Donnison, tabibu wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi kusini mwa Nyanza, Kenya. Donnison alikuwa amepima shinikizo la damu la wenyeji karibu 1,000. Akakuta kwamba baada ya miaka 40, pale ambapo la Mzungu huanza kupanda, la wenyeji wale lilikuwa linashuka. Presha, kwa mujibu wake, ilikuwa ugonjwa wa ustaarabu, na Mwafrika wa kijijini alikuwa hajaufikia.

Miaka 24 baadaye akaja mwingine. Huyu ni J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama makazi ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake Carothers alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Sababu? Alisema Mwafrika habebi wajibu wake binafsi, kwa hiyo hana hatia ya kumtafuna moyoni. Alifika hata kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake jingine, safari hii akieleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia. Watu waliokuwa wanadai ardhi yao wakageuzwa kuwa wagonjwa.

Tazama sasa picha nzima. Kwa mujibu wa wataalamu wa Kenya ya kikoloni, presha haikuwa ya kwetu na sonona haikuwa ya kwetu. Kama maradhi yote mawili hayapo, nani angetafuta uhusiano wake?

Lakini tusiwaweke wawili hawa kapu moja. Vipimo vya Donnison huenda vilikuwa sahihi, kwa sababu watafiti waliopima vijijini miongo iliyofuata nao walikuta presha za chini. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri. Carothers yeye kosa lilianzia kwenye kuhesabu. Alihesabu waliofikishwa Mathari. Na nani hufikishwa hospitali ya vichaa? Anayepiga mayowe sokoni, anayechoma nyumba, anayekamatwa na askari. Mama anayelala siku nzima amegeukia ukuta, asiyekula, asiyesema, hamsumbui mkuu wa wilaya. Huyo anabaki nyumbani. Carothers hakumwona, akaandika kwamba hayupo.

Waliotoka nje ya geti la hospitali walimwona. Mwaka 1960 Margaret Field, aliyefanya utafiti vijijini Ghana, alichapisha kitabu kuhusu watu waliokwenda kwenye vituo vya waganga na matambiko. Alikuta wanawake wengi wanaojishtaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wameua watoto wao kwa uovu wao. Hatia ile ambayo Carothers alisema hatuna, ilikuwa inatembea kwa miguu kwenda kwa mganga. Mwaka 1963 Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria na wenzake walichapisha utafiti wao miongoni mwa Wayoruba, wakakuta dalili za sonona zimejaa. Na mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya vijiji viwili vya Uganda yaliyolinganishwa na mtaa mmoja wa London. Wanawake wa vijijini Uganda hawakuwa na sonona kidogo kuliko wale wa London; walikuwa nayo zaidi.

Kuhusu presha, jibu lilitoka Kenya kwenyewe. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata Wajaluo zaidi ya 300 waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakilinganishwa na waliobaki. Presha za waliohama zilikuwa juu ndani ya miezi ya kwanza tu. Damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maisha: chumvi ikaongezeka, uzito ukaongezeka. Na kuna kipimo kimoja kidogo ambacho mimi ndicho kilichonivutia: mapigo ya moyo nayo yalikuwa yanakwenda kasi zaidi. Watafiti waliona hiyo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu inayouamsha mwili wakati wa taharuki nayo ilikuwa kazini. Yeyote aliyewahi kushuka basi na begi moja akitafuta chumba cha kupanga katika jiji asilolijua ataelewa.

Na gharama ilishaonekana. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa vifo vya kiharusi uliofanyika Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro vijijini. Ulikuta Watanzania wa umri wa kufanya kazi wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango kinachozidi cha Uingereza na Wales. Hawa ni wajukuu wa wale ambao presha haikuwa ya kwao.

MTEGO WA SIGARA

Kabla sijafika kwenye ushahidi mkubwa, nikupe tahadhari moja, maana habari ya mawazo na moyo imewahi kutumiwa vibaya.

Mwaka 1959 madaktari wawili wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walitangaza kwamba kuna aina ya watu, wenye haraka, wapenda ushindani, wasiovumilia foleni, ambao wanapata ugonjwa wa moyo zaidi. Inasimuliwa kwamba fundi wa viti aliyeitwa kwenye chumba chao cha wagonjwa alishangaa kuona viti vimechakaa ukingoni mwa mbele tu, kana kwamba waliovikalia hawakuwahi kuegemea. Ni kisa kizuri. Nadharia ikavuma dunia nzima. Tafiti nyingi zilizofuata zikashindwa kuithibitisha.

Kwa nini basi ilidumu? Nyaraka za ndani za makampuni ya tumbaku, zilizofichuliwa na kesi za Marekani na kuchambuliwa katika makala iliyochapishwa 2012, zinaonyesha kwamba makampuni hayo yaligharamia utafiti wa nadharia hiyo kwa miaka mingi. Hesabu yao ni rahisi: kama kinachoua ni tabia ya mtu, basi sigara haina hatia. Kwa hiyo mtu akikwambia "tatizo ni mawazo tu, hizi fegi hazina neno", jua kwamba kuna watu waliwahi kulipia sentensi hiyo.

MONTREAL, 1993

Ukuta ule kati ya moyo na akili ulipigwa nyundo kubwa nchini Kanada. Nancy Frasure-Smith, François Lespérance na Mario Talajic waliwachukua wagonjwa 222 waliokuwa wamelazwa Montreal baada ya kupata mshtuko wa moyo na kunusurika. Kabla hawajaruhusiwa, kila mmoja aliulizwa maswali ya sonona. Waliokutwa nayo walikuwa 35. Kisha wakafuatiliwa kwa miezi 6.

Katika miezi hiyo walifariki 12. Watafiti walipopiga hesabu, mwenye sonona alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ukimlinganisha na asiye nayo. Utasema labda wenye sonona ndio mioyo yao iliharibika zaidi. Nao walijiuliza hivyo hivyo. Walipozingatia uharibifu wa moyo na historia ya ugonjwa, hatari ilibaki zaidi ya mara 4. Kundi lilikuwa dogo, na tafiti kubwa zilizofuata zilishusha ukubwa wa namba hizo. Lakini hazikuufuta uhusiano.

Mwaka uliofuata ardhi yenyewe ikafanya jaribio. Tarehe 17 Januari 1994, saa 10 na nusu alfajiri, tetemeko liliipiga Los Angeles. Kwa kawaida wilaya ile ilikuwa na wastani wa vifo vya ghafla vya moyo 4.6 kwa siku. Siku ile vilikuwa 24. Wengi wao hawakuangukiwa na tofali. Waliogopa.

Wajapani nao walikuwa na lao. Mwaka 1990 Hikaru Sato na wenzake walieleza hali ambayo mtu, mara nyingi mwanamke wa makamo au zaidi, anapata msiba au hofu kubwa, kisha anakuja hospitali na dalili zote za mshtuko wa moyo. Mishipa ikiangaliwa haijaziba. Lakini moyo wenyewe umevimba chini na kubana juu, kama mtungi wanaotumia wavuvi wa Japani kutegea pweza, takotsubo, na ndipo ugonjwa ulipopata jina. Wengi hupona, wachache hufa. Nikisoma habari hii nilikumbuka neno letu, kihoro. Tulikuwa na jina, hatukuwa na picha.

Kisha 2004 ukatoka utafiti mkubwa kuliko yote, INTERHEART, chini ya Salim Yusuf. Nchi 52, zikiwemo za Afrika kusini mwa Sahara. Wagonjwa zaidi ya 15,000 wa mshtuko wa moyo wa mara ya kwanza walilinganishwa na wengine karibu 15,000 wasio na ugonjwa. Mambo 9 yalitosha kueleza karibu hatari yote: mafuta ya damu, sigara, presha, kisukari, kitambi, ulaji usio na matunda na mboga, kutofanya mazoezi, pombe, na la tisa, hali ya akili na maisha, yaani msongo kazini na nyumbani, shida ya pesa, misukosuko mikubwa, na sonona. Hili la tisa peke yake lilihusishwa na karibu theluthi moja ya hatari. Na lilionekana kwenye mabara yote, kwa wanaume na kwa wanawake. Carothers angekuwa hai angekuwa na kazi ya kueleza.

Tangu hapo hesabu zimepangwa vizuri zaidi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotoka 2006, ulikuta wenye sonona wana hatari ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban asilimia 80 zaidi. Mwingine wa 2010 ulikuta wasiwasi unaongeza hatari hiyo kwa asilimia 26.

INAPITIA WAPI?

Njia ziko mbili. Moja inapita damuni. Mwili wenye hofu ya kudumu unamwaga adrenalini na kortisoli kana kwamba simba yuko mlangoni, na simba haondoki. Mapigo yanapanda, presha inapanda, chembe zinazogandisha damu zinakuwa nyepesi kushikana, na uvimbe wa chinichini unaichubua mishipa.

Njia ya pili inapita kwenye siku ya mtu. Mwenye sonona hana nguvu ya kutembea jioni. Vidonge vya presha vinakaa mezani, anaviona, hanywi. Sigara na pombe ndiyo faraja iliyo karibu. Kliniki ya mwezi huu inampita. Kwa hiyo ukisikia mtu analaumiwa kwamba "hafuati masharti", uliza kwanza kama anazo nguvu za kuyafuata.

JE, UKITIBU SONONA MOYO UNAPONA?

Hapa lazima niwe mkweli, maana watu hupenda kumaliza habari hizi kwa wimbo wa ushindi.

Dawa za zamani za sonona zilikuwa na hatari kwa moyo. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa usalama. Utafiti uliochapishwa 2002, wa wagonjwa 369 wa moyo wenye sonona, ulionyesha kwamba dawa ya sertraline haikuleta madhara kwa moyo. Mwaka 2003 ukaja mtihani mkubwa: wagonjwa 2,481 wa Marekani waliotoka kupata mshtuko wa moyo, nusu wakapewa tiba ya mazungumzo. Sonona ilipungua. Vifo na mishtuko mipya havikupungua. Wengi walivunjika moyo, samahani kwa neno.

Mwaka 2018 Wakorea Kusini wakaleta habari tofauti kidogo. Wagonjwa 300 walipewa escitalopram au kidonge bandia kwa wiki 24, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 8. Matukio makubwa ya moyo yaliwapata asilimia 40.9 ya waliopewa dawa, na asilimia 53.6 ya wenzao. Lakini tofauti ya vifo peke yake haikutosha kuthibitika.

Kwa hiyo kwa leo tunachoweza kusema ni hiki: kwamba sonona inaongeza hatari ya moyo, ushahidi ni mzito, kwamba kuitibu kunaokoa moyo, ushahidi bado unajengwa. Lakini kwani mtu anahitaji kisingizio cha moyo ndipo atibiwe sonona? Sonona ni ugonjwa tosha. Mgonjwa aliyepata nafuu akarudi kula na watoto wake mezani, hata kama moyo wake haukuongezewa siku, amepona kitu.

Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2008 kwamba wagonjwa wa moyo waulizwe kuhusu sonona, na 2014 jopo lake la wataalamu likapendekeza sonona itambuliwe rasmi kuwa kihatarishi kwa waliopata mshtuko wa moyo. Kutoka Malzberg hadi hapo ni miaka 77.

NA SISI?

Nenda kliniki ya presha. Utapimwa presha, uzito, pengine sukari. Kisha utasikia maneno ambayo kila mmoja wetu ana mzazi au shangazi aliyeambiwa: "Mama, upunguze chumvi, na upunguze mawazo."

Chumvi anaelezwa jinsi ya kuipunguza. Mawazo anapunguzaje? Kwa kijiko?

Ushauri ule unakubali uhusiano wote niliouandika hapa. Muuguzi anajua, mgonjwa anajua, turubai linajua. Lakini unauacha ugonjwa mikononi mwa mgonjwa kama vile ni tabia mbaya. Carothers alisema sonona haipo. Sisi tunasema ipo, halafu tunaishughulikia kana kwamba haipo. Sijui mgonjwa ataona tofauti gani.

Wala dawa ya pengo hili haihitaji ghorofa. Kuna maswali mafupi mawili ya kuanzia: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Yanachukua dakika moja. Dodoso refu zaidi la maswali 9 limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Na baada ya kuuliza? Zimbabwe walijibu. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare, wahudumu wa afya wa mtaani, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa kwa utaratibu maalumu wa kutatua matatizo. Ugonjwa waliuita kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wa wagonjwa 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mfano huo umefika hadi Zanzibar. Kuwaza kupita kiasi! Hilo si ndilo neno la turubai?

Neno moja la tahadhari kabla sijaondoka. Kifua kikikubana, jasho likakutoka, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, usikae ukajiambia ni mawazo. Nenda hospitali. Kutofautisha ni kazi ya mashine na daktari. Na ukiambiwa moyo mzima, usione aibu kuuliza swali la pili: basi hii ni nini, na nani anaitibu?

Nikirudi kwenye swali letu: gazeti na turubai wote walikuwa wakweli, kila mmoja nusu. Mimi kwa upande wangu, siku nyingine nikiletewa taarifa ya mtu aliyeanguka ghafla, nitajaribu kuuliza pia alikuwaje miezi sita iliyopita.

Wewe je, nyumbani kwenu nani ameambiwa apunguze mawazo, na nani alimuuliza ni mawazo gani?

Wiki njema.